Ukuta wa tovuti ni wa bure, lakini zamu wake ni nani?

Shule, vituo vya afya na mashirika ya Lubumbashi vinazidi kuandikisha watu kupitia intaneti. Chombo cha kulinda majina yao kiko, tena hakiuzwe. Chenye kinakosekana mara mingi ni mutu wa kukiangalia. Jambo hili linagusa Haut-Katanga, na zaidi tena majimbo ya mashariki yenye vita.

Ingia asubuhi mu cyber yoyote ya Lubumbashi, iwe Katuba, Kenya ao pembeni ya chuo kikuu. Utakuta kijana anajaza fomu: jina, jina la baba, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi ya kupigia kura yenye kwetu ndiyo kitambulisho, namba ya simu yenye inapokea makuta. Anabonyeza "Envoyer", analipa cyber, anarudi nyumbani.

Zamani ile karatasi ingewekwa mu kabati ya ofisi, na mwizi angepaswa kuvunja kufuli. Leo inaenda kulala mu seva, ile wengi tunaita serveur, na mwizi anaweza kuigonga akiwa bara lingine ao avenue ya nyuma. Hataonekana na jirani, mbwa hatalia.

Mu ofisi mingi jibu ni moja: "Sisi hatuna kitu ya kuiba, batakuya kufanya nini huku?" Jibu hilo njo tunataka kulichunguza hapa.

Kuta mbili, kazi mbili

Seva mingi za tovuti zinatembea na Linux. Fundi mwenye anajua kazi yake anaanza na ukuta wa kwanza, wenye unachunga milango. Kila huduma iko na namba ya mulango: 22 ni ya fundi mwenyewe kuingia na kutengeneza, 80 na 443 ni za tovuti. Ukuta huo unafunga milango yote yenye haitumike. Ni kazi nzuri. Lakini 80 na 443 hauwezi kuzifunga, juu wageni wote wanapita humo. Mwizi naye anapita humo humo, amevaa kama mugeni.

Hapo njo ukuta wa pili unahitajika, wenye mafundi wanaita ukuta wa moto wa tovuti. Huu hausimame ku mulango tu. Unasoma karatasi yenye mugeni ameshika mukononi.

Tuseme unaenda ku ofisi ya commune kuomba attestation. Karani anakupa fomu, unaandika jina. Sasa wazia karani huyo anatii kila kitu chenye kimeandikwa, bila kufikiri. Mutu mubaya anaandika mu nafasi ya jina: "Ilunga, kisha unipatie kitabu cha majina ya kartié nzima." Karani anasimama, anachukua kitabu, anakileta. Programu mingi za tovuti zenye zimeandikwa haraka ziko vile. Mwizi anaandika amri mu nafasi ya jina, na ghala la habari linaitii. Ujanja huo ulielezwa mbele ya watu wote tangu mwaka 1998, na mupaka leo unafanya kazi, kwa sababu kila mwaka kuko programu mupya zenye zinaandikwa na makosa ya zamani.

Ukuta wa tovuti unakaa mbele ya karani huyo. Unasoma fomu kwanza. Kama unaona maneno yenye kufanana na amri, unamurudisha mugeni na jibu la namba 403: hapana ruhusa.

Chombo kiko, na ni cha bure

Chombo chenye kinajulikana zaidi kinaitwa ModSecurity. Kilianzishwa na Ivan Ristić mwaka 2002. Kisha kiliingia mu mikono ya kampuni Trustwave, na tangu Januari 2024 kinasimamiwa na OWASP, shirika la kimataifa la watu wenye wanajitolea kwa usalama wa programu za intaneti. Hao hao wanatoa kitabu cha kanuni chenye kinaitwa Core Rule Set. Chombo na kitabu, vyote ni bure. Ku seva ya Debian ao Ubuntu yenye inatumia Apache, fundi anaomba pakiti mbili tu, libapache2-mod-security2 na modsecurity-crs, na kama intaneti haimutese, mu dakika chache ziko ndani.

Kanuni zinafanya kazi kama alama za mutihani, lakini kwa kugeuza: kila dalili mbaya inaongeza alama. Dalili nzito iko na alama 5, na kikomo cha kawaida ni 5. Mwenye kufikia kikomo anarudishwa. Tena kuko ngazi nne za ukali, kuanzia 1 mupaka 4. Ngazi ya kwanza inakamata mambo yenye yako wazi. Ya ine inashuku karibu kila mutu.

Kama mambo yangeishia hapo, hatungeandika ukurasa huu. Shida inaanza kisha chombo kuingia.

Zamu mwenye anaandika lakini haamuke

Faili ya mipango yenye inakuja na ModSecurity iko na mustari mumoja: SecRuleEngine DetectionOnly. Maana yake, ukuta unaangalia na kuandika mu daftari, lakini haumuzuie mutu. Ni kama sentineli mwenye anaandika "mwizi ameingia saa nane za usiku", kisha anaendelea kukaa ku kiti chake.

Wenye kutengeneza chombo hawakukosea. Walifanya vile kwa kusudi, juu ukuta mupya haujui nyumba yenye unalinda. Ukianza kufunga siku ya kwanza, utafungia watoto wa nyumba. Fundi anapaswa kuuacha uangalie tu kwa juma moja ao mbili, asome daftari lake kila siku, aondoe kanuni zenye zinakosea, kisha abadilishe neno lile kuwa On. Kama shule iko na siku ya watu wengi, mufano siku ya kutangaza matokeo, ni vizuri siku hiyo ipite mu kipindi cha kuangalia.

Njo hapo kazi mingi zinakufia. Fundi anafunga chombo, anaona hakuna kosa, anamwambia mukubwa wa ofisi: "Ni sawa, tuko protégés." Analipwa, anaenda. Neno DetectionOnly linabaki mu faili miaka. Daftari, lenye mara mingi liko ku /var/log/apache2/modsec_audit.log, linaongezeka bila musomaji.

Ao kinyume chake: mutu anabadilisha kuwa On siku ile ile, na ngazi ya ukali ya juu. Kisha muzazi mwenye jina la Ng'andu anakataliwa juu ya alama ndogo ya juu mu jina lake, kwa sababu alama hiyo hiyo inatumiwa na wezi mu amri zao. Mwanafunzi mwenye anaandika "l'avenue" mu adresi anaweza kupata shida ile ile. Mwenye kutuma picha ya bulletin yenye inapita megabaiti 13 anarudishwa pia, juu kipimo cha kawaida kinaishia karibu hapo. Simu zinaanza kulia, mukubwa wa ofisi anakasirika, na amri inatoka: "Toa ile kitu yako!" Ukuta unazimwa. Toka siku hiyo hakuna mwenye anausemea tena.

Kwetu kuko na shida ingine yenye vitabu vya Ulaya havielezee sana. Wengi wanaingia intaneti kwa simu, na kampuni za simu mara mingi zinaweka watu wengi nyuma ya anwani moja. Kama fundi anafunga anwani yenye mwizi alitumia, anaweza kufunga pamoja naye wanafunzi wenye hawana kosa. Ku Lubumbashi inafaa kukataa fomu mbaya, siyo kufukuza anwani nzima.

Orodha ya watu 515,000

Sasa turudilie jibu lile la "hatuna kitu ya kuiba". Mufano wenye unalijibu unagusa familia mingi za mashariki.

Halmashauri ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu, CICR, inasaidia watu wenye wamepotezana juu ya vita, uhamaji ao misiba: mutoto mwenye amekimbia peke yake, baba mwenye yuko kifungoni, mama mwenye hajui watoto wako kambi gani. Wakaaji wa Kivu, Ituri na Tanganyika wanaijua kazi hiyo. Haina makuta ndani. Ina majina tu.

Tarehe 18 Januari 2022, CICR iligundua kama wezi wameingia mu seva zake. Habari za watu zaidi ya 515,000, zenye zilitoka ku vyama vya Musalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60, zilikuwa zimefikiwa. Uchunguzi ulionyesha kama wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021. Ni siku 70 za kukaa ndani ya nyumba bila mwenye nyumba kujua.

Walipitia wapi? Walipitia kasoro ya programu moja yenye watumishi wanatumia kupitia tovuti kwa kubadilisha neno lao la siri. Kasoro hiyo ilikuwa inajulikana, dawa yake ilikuwa imekwisha kutoka, lakini haikutiwa mbele wezi waingie. CICR yenyewe ilisema vile mbele ya watu wote, na kwa hilo inastahili heshima, juu wengi wanaficha. Ilisema pia kama wezi walitumia programu zenye zilitengenezwa kwa kusudi juu ya seva zake, na vyombo vya ulinzi havikutambua kubwa yao. Ililazimika kuzima mashine. Kazi hiyo ya kuunganisha familia, yenye kwa kawaida ilikuwa inasaidia watu karibu 12 kila siku duniani kukutana na wa kwao, iliyumba.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: wezi hawafuate makuta peke yake. Jina la mutu mwenye amekimbia, pamoja na mahali kwenye amekimbilia, ni mali kwa mwenye kumutafuta. La pili: kitabu cha kanuni kinakamata wezi wenye wanajulikana. Mwizi mwenye amekuja kwa ajili yako wewe anaweza kupita. Ukuta unakupatia wakati wa kutia dawa. Hauchukue nafasi ya dawa.

Ukuta pia unaweza kuwa mulango

Wenye kuuza ulinzi hawapende kutaja mufano huu. Mwaka 2019 banki Capital One ya Marekani iliibiwa habari za watu karibu milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Mwizi alipita mu ukuta wa tovuti wenyewe. Ulikuwa umepangwa vibaya, tena ulikuwa umepewa ruhusa kubwa kupita kazi yake. Alimutuma zamu akamuchukulie funguo za ndani, na zamu akaenda.

Mu Julai mwaka huo huo, kampuni Cloudflare, yenye inaweka ukuta kama huo mbele ya tovuti mamilioni, ilitia kanuni moja mupya yenye ilikuwa na kosa la uandishi. Mashine zake zikalemewa, na kwa dakika 27 tovuti mingi za dunia hazikufunguka. Watu wengi wa Afrika wanatumia huduma ya kampuni hiyo bila kulipa, na kwa ofisi ndogo inaweza kuwa musaada wa kweli. Lakini inafaa kujua kama unapomuweka mutu mwingine mbele ya mulango wako, yeye anasoma barua zako, na siku yeye anaanguka, wewe unaanguka naye.

Kuko pia mashambulizi yenye ukuta wa kusoma fomu hauwezi peke yake. Mwisho wa Julai 2023, mu inchi ya Kenya (siyo commune yetu), tovuti ya eCitizen, yenye ina huduma za serkali zaidi ya 5,000, ililemewa na wingi wa maombi ya uongo. Hakuna mwenye alihitaji kuvunja kufuli. Walijaza njia tu, wenye haki wakakosa kupita.

Na sisi, Kongo? Mwisho wa 2020, mutafiti wa Uswidi, Fredrik Almroth, aliona kama muda wa jina scpt-network.com umeisha na halikufanywa upya. Jina hilo lilikuwa linasaidia kuongoza anwani zote zenye zinaishia na .cd, yaani anwani za inchi yetu. Akalinunua mbele wezi walione, kisha akajulisha wenye mamlaka. Alieleza mu Januari 2021 kama mutu mubaya angeweza kugeuza karibu nusu ya safari za .cd na kuzipeleka kwenye anataka. Tovuti yako inaweza kuwa na ukuta wa chuma, lakini kama kibao cha njia kimegeuzwa, wageni wataingia mu nyumba ya mwizi wakifikiri ni yako. Na tena sababu haikuwa ukosefu wa chombo. Hakuna mutu alikuwa anafuata tarehe.

Juu ya nini zamu hayuko?

Hapa Lubumbashi hatuwezi kusema kama watu wenye akili hawako. Vijana wanasoma kompyuta ku UNILU na ku vyuo vingine, na wengi wanajua Linux kwa kujifundisha. Shida iko mu namna kazi inalipwa. Makuta ya mradi yanalipa kutengeneza tovuti na siku ya kuifungua, na kofia, na vinywaji. Mwezi wa saba mradi umeisha. Fundi amepata kazi ku kampuni ya madini Kolwezi, ameenda na neno la siri mu kichwa. Mu bajeti ya ofisi kuko sentineli wa mulango wa chuma, kuko mazutu ya jenereta juu ya kukatikiwa umeme na SNEL, lakini mustari wa "mutu wa kusoma daftari la seva" hauko.

Na kwa sababu ya umeme huo huo, ofisi mingi zinapangisha nafasi ku seva za mbali, Ulaya ao Afrika ya Kusini. Mara mingi mupangaji wa nafasi ndogo hawezi kufunga ModSecurity mwenyewe. Mwenye seva njo anaamua, na wewe unapewa kitufe tu cha kuwasha na kuzima. Hata vile, wewe njo unabaki na deni mbele ya watu wenye wamekupatia majina yao.

Deni hilo leo liko mu sheria. Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye inaitwa Code du numérique, inadai mwenye kuchunga habari za watu azilinde. Sheria ni nzuri. Lakini mukaguzi hatafika kesho ku kila shule ya Kampemba ao ku kila dispensaire ya Ruashi. Mbele ya mukaguzi, mwenye anaweza kuuliza ni muzazi, mugonjwa, mwanamemba wa kooperative.

Orodha yenye haikuandikwa haiibiwe

Kwa wenye kutusoma Kivu, Ituri na Tanganyika, jambo hili liko na uzito mwingine. Mamlaka ya muji inaweza kubadilika kwa juma moja: tuliona Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu mu Februari. Orodha yenye iliandikwa kwa nia njema, ya wenye kupokea musaada, ya wamama wenye walitoa ushuhuda, ya wasikilizaji wenye walituma ujumbe ku redio, inaweza kusomwa kesho na mutu mwingine kabisa. Na huyo hatapita mu fomu. Anaweza kuketi tu mbele ya kompyuta ya ofisi. Ukuta wa tovuti hauna jibu kwa hilo. Jibu ni kuuliza mbele ya kuandika: jina hili tunalihitaji juu ya nini, na kwa siku ngapi?

Hilo linatuhusu na sisi wa redio za jamii. Tovuti yetu ikivunjwa na mutu akaandika humo kama adui amefika mu kijiji fulani, watu watabeba watoto usiku na kukimbia juu ya habari ya uongo yenye jina letu juu yake.

Kwa hiyo, ukipewa fomu ya kujaza, ao kama wewe njo mukubwa wa ofisi yenye inaitoa, kuko maulizo machache yenye hayaombe diplome ya informatique. Ukuta wa tovuti uko? Unazuia, ao unaandika tu? Nani anasoma daftari lake, na alilisoma lini mara ya mwisho? Programu za seva zilifanywa upya mwezi gani? Nani iko na neno la siri kama fundi ameenda? Kopi ya habari inachungwa wapi, na mulijaribu siku moja kuirudisha? Na namba ya kadi ya kura ya mutoto wa miaka kumi na minane munaitaka juu ya kazi gani?

Kama jibu la ulizo la tatu ni kimya, basi hata majibu mengine yakiwa mazuri, nyumba haina zamu. Nusu saa kila asubuhi, kwa mutu mumoja mwenye analipwa na mwenye jina lake linajulikana, inaweza kulinda zaidi kuliko chombo cha bei kubwa chenye hakuna mwenye anakitazama. CICR ilikuwa na vyombo, ilikuwa na mafundi, na bado dawa ilichelewa. Sisi wenye hatuna hata nusu ya hivyo, tusianze kwa kujidanganya kama hatuna kitu cha kuibiwa.